Unaimba kwaya, moyo mkavu

Dada, umesema unaimba kwaya kila Jumapili, lakini ukirudi nyumbani unajiona mtupu na maombi hayatoki. Pole sana. Soma 1 Wafalme 19, taratibu. Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba afe, akalala chini ya mti uitwao mretemu. Malaika hakumkemea. Alimgusa tu, akamwambia ale: mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akanywa, akalala tena! Mara ya pili ndipo akaambiwa safari ni kubwa. Kwa hiyo omba ruhusa kwaya, upumzike mwezi mmoja. Asubuhi, kabla ya kushika simu, soma Zaburi ya 42 kwa sauti, hata machozi yakitoka. Mwambie mama mchungaji akuombee. Usingizi ukikataa kabisa, nenda na hospitali pia.