Mtoto wa Miaka 13 na Vyuma

Mwanangu alipotimiza miaka 13 mwaka jana aliniomba kitu kimoja tu: nimpeleke jimu. Kabla sijajibu, bibi yake akadakia kutoka jikoni, "Unataka mjukuu wangu adumae? Mtoto akibeba vyuma harefuki!"

Nafundisha mazoezi, na wazazi wengi huniletea hofu hiyohiyo. Haikuzuka hewani. Mifupa mirefu ya mtoto hurefukia kwenye tabaka la gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, lililo karibu na ncha zake, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Likiumia vibaya, mfupa unaweza kupinda au kuacha kukua. Ila mazoezi ya uzito yenye usimamizi mzuri hayajaonekana kupunguza kimo cha mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Na sisi wenyewe tunamtwisha binti wa miaka 12 ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kichwani, asubuhi na jioni, wala hatuulizi kama atadumaa.

Hatari ninayoiogopa mimi ni nyingine, kwa sababu ilinipata. Nilikuwa na miaka 14, Temeke, kwenye jimu ya uani yenye vyuma vya kienyeji: bomba, na kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Uzito wake hakuna aliyeujua. Kaka mmoja akaniambia niongeze, mimi si mwanaume? Nikalala kwenye benchi, nyuma yangu hapana mtu. Mara ya tatu mikono ikaisha nguvu, bomba likanilalia kifuani. Nilibanwa pale, siwezi hata kupiga kelele, hadi mmoja wao aliporudi kutoka kunywa maji. Kifundo cha mkono wa kushoto kiliteguka, na hofu ya lile benchi ilinikaa miaka.

Kwa hiyo mwanangu sikumkatalia, ila mwezi wa kwanza hakugusa chuma. Alichuchumaa na kuinuka, akapiga pushapu, akaning'inia kwenye bomba. Mwezi wa pili nikampa mpini wa ufagio ajifunze kunyoosha mgongo. Ndipo zikaja dambeli za kilo 2. Kanuni yetu ni rahisi: akifika mara 15 kwa mwendo safi, tunaongeza kidogo, mgongo ukianza kupinda, tunapunguza hapohapo, hata kama wenzake wanatazama. Vyuma ni siku mbili kwa wiki, zisifuatane, na mimi nipo. Kujaribu uzito wa mwisho anaoweza kuunyanyua ni marufuku mpaka mwili ukomae.

Baada ya miezi minne alikuja kwangu mnyonge. Nguvu zimeongezeka, mikono bado myembamba. Nilimweleza kwamba katika umri wake nguvu hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli, na kwamba unene utakuja balehe ikishika kasi. Mzazi, hapa kaa karibu sana na mwanao. Kijana akikata tamaa ndipo atasikia habari za vidonge na sindano za kujaza mwili. Dawa hizo za homoni zinaweza kuyafunga yale matabaka ya gegedu kabla ya wakati, na hapo mtoto atadumaa kwelikweli. Mpe maharage, mayai, dagaa, na alale mapema.

Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu ya kwenye kiungo, au karibu na ncha ya mfupa, si ya kukandwa na kusahauliwa. Asimamishe mazoezi aende hospitali. Na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au presha aonwe na daktari kabla hajaanza lolote.

Ukimpeleka jimu, siku ya kwanza usimwache mlangoni. Ingia, kaa, tazama. Mwalimu akimkabidhi mtoto chuma kabla hajamwona akichuchumaa mikono mitupu, mshike mwanao mkono mwondoke.