Gharama ya lori inaishia kwenye vibanda vyetu

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, wenye malori waongezewe tozo ya barabara? Waongezewe, ila si kwenye mafuta.

Nauza viazi Mbalizi, mkoani Mbeya, chini ya mteremko wa Iwambi. Lori lililoelemewa tunalijua kabla hatujaliona: kwanza harufu ya breki zinazoungua, halafu honi isiyokatika. Kila mama anakimbilia mwanawe, viazi baadaye. Mwaka juzi moja lilifeli breki likaingia kwenye vibanda. Jirani yangu alikatwa mguu. Mtaji ukaishia kwenye matibabu, binti yake akaacha shule ili amuuguze. Mzigo wa lori lile, salfa (madini ya njano yanayotumika viwandani na migodini) ya kwenda Congo, ulihamishiwa lori jingine ukaendelea na safari, na katika nauli ya mzigo huo hakuna hata senti ya mguu ule. Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alishasema mwaka 1920 kwamba anayewasababishia wengine hasara atozwe kodi inayolingana na hasara hiyo.

Tozo ya mafuta haiwezi kazi hiyo. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, ikibebeshwa uzito mara mbili, barabara huumia takriban mara 16. Mafuta hayaongezeki hivyo hata kidogo. Matokeo yake bodaboda, ambayo haikwaruzi hata lami, inachangia kwa kila lita sawasawa na semitrela.

Uswisi tangu 2001 inatoza malori makubwa kwa uzito, kilomita na moshi, na sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwenye reli. Sisi reli tunayo tayari! TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, inapita hapa hapa Mbeya. Lori likilipa gharama yake halisi, mwenye salfa atapiga hesabu upya.

Najua ndugu zangu wakulima wa Umalila, huku huku Mbeya, watauliza kuhusu bei ya mbolea, maana nayo huletwa na malori. Wana haki. Basi tuanze na mizigo inayopita kwenda nje.

Na fedha za kwanza zijenge pale Iwambi njia ya dharura, yenye kokoto nene za kulizamisha lori lililofeli breki. Jirani yangu amerudi kibandani. Siku hizi kiti chake anakigeuza kitazame mlimani.