Maswali yenu: kusoma ukubwani

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliofunga madaftari zamani na sasa wanataka kuyafungua tena. Zilizofanana tumeziunganisha, majina tumeyaacha.

Asalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Wete. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2005, nikapata D nne: Kiswahili, Historia, Jiografia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nataka nisome ustawi wa jamii mpaka nifike shahada. Nimeambiwa D nne zinatosha kuanzia ngazi ya cheti. Ni kweli?

Waalaykum salaam, mama. D nne zinatosha, lakini wewe kwa hesabu ya udahili unazo tatu. Vyuo vya ngazi ya cheti na stashahada vilivyo chini ya NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi) huhitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Jambo hili huwakwaza sana watu wa Unguja na Pemba, kwa sababu somo la dini ndilo wengi wetu tunalofaulu vizuri zaidi. Kiarabu ni lugha, usikichanganye na somo la dini. Mwenye D ya Kiarabu aihesabu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa kidato cha nne hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani wenyewe ni Novemba. Wanaokosa wengi hukosa hapa: wanaanza kuulizia mwezi wa Agosti au Septemba, baada ya kuona tangazo la tusheni, na wakati huo dirisha limeshafungwa. Nenda kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea Januari ile ile, uchukue slipu yako ya zamani yenye namba ya mtihani, kwani mfumo utaiuliza.

Usirisiti somo moja tu. Unahitaji moja, basi sajili mawili, maana ukianguka moja mwaka wote umekwenda na maji. Chagua yale ambayo utapata mtu wa kukufundisha karibu na nyumbani. Baiolojia inavutia, lakini bila ya maabara na mwalimu unaibahatisha.

Ukishazipata nne, safari ni hii: cheti (ngazi ya 4 ya NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi) mwaka mmoja, kisha stashahada (ngazi ya 5 na 6) miaka miwili, kisha shahada miaka mitatu. Jumlisha na mwaka wa kurisiti, ni miaka saba. Tunakwambia mapema ili usije ukavunjika moyo mwaka wa tatu. Lakini kila ngazi ina cheti chake cha kuombea kazi, huna haja ya kusubiri yote saba.

Na usikubali chuo kikwambie "ingia tu, hiyo D ya nne tutaiona mbele." Kwa anayetoka stashahada, masharti ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ya kuingia shahada ni GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, pamoja na zile D nne za kidato cha nne. D iliyokosekana leo itakusubiri mlangoni baada ya miaka mitatu, na karo utakuwa umeshalipa.

Mimi ni mtumishi wa serikali mjini Unguja. Naingia kazini saa 1:30 asubuhi, natoka saa 9:30. Rafiki zangu wanasema shahada ya jioni au ya masafa inawezekana. Itanichukua saa ngapi kwa wiki?

Swali zuri, na wachache huliuliza kabla ya kulipa. Jibu limo ndani ya krediti. Kwa mfumo wa sifa za vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mihadhara, kusoma peke yako, kuandika kazi na kufanya mtihani. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200.

Sasa chukua kalenda. Mwaka una wiki 52. Toa wiki za mwisho za Ramadhani, sikukuu mbili, harusi za ukoo na wiki utakazoumwa au kuuguza. Zikibaki 40 mshukuru Mungu. Gawa 1,200 kwa 40: saa 30 kila wiki. Hiyo ni kazi ya pili juu ya kazi uliyonayo.

Mtu anayefika nyumbani saa 11 jioni, akala, akasali Magharibi na Isha, anaweza kupata saa mbili za kweli usiku. Usiku nne kwa wiki ni saa nane. Jumamosi weka nne, Jumapili tatu. Jumla 15, nusu tu ya zile 30. Kwa hiyo ukienda na krediti 60 kwa mwaka unapumua, na shahada utaimaliza kwa miaka sita. Ukilazimisha 120, kitu kimoja kitaachia: kazi, nyumba au masomo. Mara nyingi huwa ni masomo, na huwa ni muhula wa pili, baada ya matokeo ya kwanza kutoka.

Kwa ajili ya hali hiyo ndiyo kilijengwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa masomo ya masafa, kina vituo Unguja na Pemba, na hukuruhusu kusajili masomo machache kwa mwaka na kulipia hayo uliyosajili. Vyuo vya kuhudhuria darasani, mfano SUZA au Zanzibar University pale Tunguu, vinafaa zaidi kwa anayehitaji mwalimu mbele yake. Ukivitaka hivyo, uliza kabla ya kuomba: ratiba ya kozi yangu ni ya jioni au ya mchana? Jina la "jioni" kwenye tangazo halitoshi, omba uione ratiba ya muhula uliopita. Kipindi kilichowekwa saa 8 mchana hutakihudhuria, na mahudhurio yakipungua mno unaweza kuzuiwa mtihani.

Jambo la mwisho ni ruhusa ya mwajiri. Andika barua kupitia mkuu wako wa kazi *kabla* ya kuanza, ueleze kozi, chuo, muda na jinsi ya masomo, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wapo waliosoma kimya kimya, wakamaliza, kisha wakapeleka cheti utumishi wabadilishiwe kada. Wakaulizwa barua ya ruhusa. Hawana.

Nimefanya kazi hotelini Nungwi kwa zaidi ya miaka 20, sasa ni msimamizi wa wapishi. Kidato cha sita (2003) nilipata E moja na S moja. Je, uzoefu wangu unahesabika kuingia shahada?

Una milango miwili, na wa kwanza wengi hawaujui. Kwa waliomaliza kidato cha sita kabla ya 2014, mlango wa moja kwa moja ni masomo mawili ya ufaulu mkuu (E na kwenda juu) yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo E ni 1 na S ni 0.5. Huko hufiki. Lakini E na S zinafanya pointi 1.5, na hicho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa pamoja na kozi ya msingi (foundation) ya Chuo Kikuu Huria. Ukiisoma, ukapata GPA ya 3.0 na angalau C katika masomo matatu ya fani yako, unastahili kuomba shahada. Angalia neno *pamoja*: mwenye kozi ya msingi peke yake, bila ya 1.5 au stashahada ya GPA 2.0 au NTA ngazi ya 5, bado hajatimiza. Tunaona watu wakiilipia kozi hii kama njia ya mkato. Haiko hivyo.

Mlango wa pili ni utambuzi wa maarifa yaliyopatikana kazini, unaoendeshwa chini ya usimamizi wa TCU kupitia vyuo vilivyoteuliwa, Huria kikiwamo. Unapeleka jalada la ushahidi, kisha unafanyiwa mtihani. Jalada ndilo linaloangusha watu, kwa kuwa hujaa barua za sifa: "ni mchapakazi, mwaminifu." Uaminifu haupimiki. Weka vitu vinavyoonyesha unajua nini: orodha ya vyakula uliyoipanga na hesabu ya gharama ya kila sahani, ratiba ya zamu uliyoitengeneza, fomu za kuagizia bidhaa, daftari la joto la majokofu, vyeti vya mafunzo mafupi ya usalama wa chakula, mikataba ya kazi inayoonyesha ulivyopanda cheo na tarehe zake. Chini ya kila kimoja andika mistari mitatu: nilifanya nini, kwa nini hivyo, ningebadilisha nini. Mistari hiyo mitatu ndiyo inayoonyesha kwamba kazi umeielewa na hukuizoea tu.

Kama hoteli uliyoanzia imefungwa na huna barua, tafuta rekodi za michango yako ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Zinaonyesha mwajiri na miezi.

Cheti changu cha kidato cha nne na cha kuzaliwa vimeandikwa Khamis Ali Juma. Kitambulisho cha Mzanzibari kimeandikwa Hamis Ally Juma. Itanizuia?

Itakuchelewesha, na huenda ikakuzuia kwenye mkopo. Kanuni ni moja: karatasi nyingine zote zifuate cheti cha mtihani, maana hicho ndicho kigumu kubadilishwa. Wewe una bahati, cheti cha kuzaliwa kinakiunga mkono. Nenda afisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii na vyeti vyote viwili na barua ya sheha, uombe kitambulisho kirekebishwe. Baadaye benki, kisha laini ya simu. Halafu ndiyo ufungue akaunti ya maombi ya chuo. Ukianza na chuo, herufi zile zile mbovu zitahamia kwenye barua ya udahili, na mwisho kwenye cheti cha shahada.

Waliopotelewa na cheti: toeni taarifa polisi, mtangaze gazetini, ndipo muombe NECTA. Mkikimbilia chuo kwanza mtarudishwa.

Kiingereza nimekisahau. Nitasomaje chuo?

Ukiacha shahada ya Kiswahili yenyewe, kozi nyingi zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, basi usijidanganye kwamba kitarudi chenyewe darasani. Jipe wiki 12 kabla ya kuanza.

Usinunue kitabu cha sarufi. Tafuta mitihani mitatu iliyopita ya kozi unayoiendea na kitabu kimoja cha mwaka wa kwanza. Chora daftari safu tatu: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi nzima kama ulivyoikuta kitabuni. Maneno 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 600 kwa wiki 12. Yatakupunguzia kufungua kamusi katika sura ya kwanza. Anza na vitenzi vya maswali: eleza, jadili, linganisha, tofautisha. Mtu mzima huanguka mtihani si kwa kutojua, bali kwa kuulizwa "linganisha" akajibu "eleza": kurasa mbili juu ya kitu cha kwanza, mistari minne juu ya cha pili.

Jambo jingine hakuna anayelitaja: mkono. Mitihani mingi ya mwisho ni saa tatu za kalamu na karatasi. Aliyeandika kwa kidole gumba kwenye simu miaka 10 hupata kiganja kimekaza dakika ya 40, na mwandiko wa swali la nne hausomeki. Andika kwa kalamu dakika 15 kila siku wiki ya kwanza, uongeze mpaka ufike saa moja mfululizo. Na kazi za nyumbani usinakili kutoka intaneti. Vyuo vina programu zinazoonyesha ulipochukua, na unaweza kupewa sifuri.

Vyeti vya kozi za mtandaoni za Coursera na edX vinaniingiza chuo kikuu?

Hapana. Vinakuongezea ujuzi na vinapendeza kwenye maombi ya kazi, lakini si sifa ya udahili. Baadhi ya kozi unaweza kuzifuatilia bure au kwa majaribio, bila ya cheti. Coursera pia ina fomu ya kuomba msaada wa ada. Pakua video usiku ukiwa na bando la bei nafuu.

Kuna bwana Darajani anaomba laki tatu "aniingize" chuo. Nimpe?

Usimpe. Ada za vyuo vya umma hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wenyewe, benki au kwa simu, na risiti inatoka kwa jina lako. Anayekutaka utume kwenye namba yake ya simu hana cha kukuuzia. Chuo usichokijua kitafute kwanza kwenye orodha ya TCU, kwa shahada, au NACTVET, kwa cheti na stashahada. Uangalie na kozi yenyewe, kwa kuwa chuo huweza kuwa na ithibati huku kozi uliyotangaziwa haina. Cheti cha nje, iwe Oman au Kenya, kitahitaji ulinganifu kabla ya kuomba: cha sekondari NECTA, cha shahada TCU. Ombi hilo lipeleke miezi miwili mitatu kabla ya dirisha la udahili, lisije likakukuta bado unasubiri jibu.