Tukifika tu, tuvue?

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Thika. Mimi na rafiki niliyesoma naye tunapanga kwenda Mlima Kenya mwezi wa pili, siku nne, mashanta mgongoni, tukavue trauti kwa nzi wa bandia. Yeye anataka tukodi Land Rover hadi Ziwa Ellis, tushuke na kuanza kuvua jioni ile ile. Mimi nasema tupande kwa miguu polepole, naye ananiita mwoga. Isitoshe, hatujawahi kushika fimbo ya uvuvi wa aina hiyo. Tuamue.

JIBU: Kijana wangu, usinitegemee kuwa hakimu asiyependelea upande. Huyo rafiki yako ni mimi wa zamani.

Thika mko mita kama 1,600 hivi. Ziwa Ellis liko karibu mita 3,450. Nilifanya hivyo hivyo anavyotaka: chai ya asubuhi nyumbani, jioni niko ukingoni mwa ziwa na fimbo mkononi. Nilirusha mara sita, labda saba. Kichwa kikaanza kugonga kama mtu anayetwanga ndani, nikatapika kwenye nyasi, na mwenzangu akalala hemani akiwa na viatu vyake miguuni. Usiku maji ya kwenye sufuria yaliganda. Kesho yake tuliteremka bila hata gamba la samaki. Huo ndio ugonjwa wa mwinuko: tulipanda haraka, mwili haukupata muda wa kuzoea hewa nyepesi.

Kwa hiyo laleni usiku wa kwanza karibu na lango la Chogoria la kuingilia mbugani, mita kama 3,000, na ziwani mfike siku ya pili. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa usiku mmoja. Mmoja wenu akianza kuyumba au kuropoka, mnashuka saa hiyo hiyo, hata kama samaki wanaruka. Na msitembee msituni gizani. Nyati hajali nani kati yenu ni mwoga.

Ada ya kuingia mbugani lipeni mapema kwa mtandao, KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hawapokei pesa taslimu. Leseni ya kuvua ni jambo jingine, ulizeni idara ya uvuvi kabla ya safari.

Chakula. Mwenzangu alibeba mahindi na maharagwe makavu, eti tutapika githeri. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo tulichochea moto mpaka gesi ikaisha na maharagwe bado yanalia kokoto mdomoni. Bebeni kilichoiva, au chapati.

Sasa fimbo, ambayo naona hukuikazia sana lakini ndiyo itakayowagombanisha. Katika uvuvi wa kawaida kipande cha risasi kinachofungwa karibu na ndoana ndicho kinachovuta uzi. Huku nzi hana uzito wowote, ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Ukiurusha nyuma, ngoja ujinyooshe wote hewani ndipo uusukume mbele. Wageni wengi hawangoji, na mshipi huwaangukia kichwani kama tambi. Mimi husema kimoyomoyo "Cho-go-ria", kisha nasukuma. Vitabu husema fimbo icheze kati ya 10 na 2 kwenye uso wa saa. Ni tarakimu zile zilizoandikwa, si saa kumi na saa mbili zetu. Nilimfundisha jirani mmoja bila kufafanua hilo, akachapa maji kama anayefua nguo.

Jizoezeni uwanjani hapo Thika wiki mbili, mkiwa na kipande cha sufi badala ya ndoana. Nzi msihangaike kuagiza ng'ambo. Hapa Kenya watu huwafunga kwa mikono, na wengi huuzwa Ulaya na Marekani. Tafuteni weusi wadogo, yule anayeitwa Kenya Bug awemo.

Trauti si wenyeji wa mlima. Walowezi ndio walioleta mbegu yake, mwaka 1905 wakiitia mto Gura kule Aberdare. Trauti wanataka maji ya baridi, ndiyo sababu mnawafuata huko juu. Vueni alfajiri, kabla upepo haujaamka, kwa sababu ukishaamka mshipi unakwenda unakotaka wenyewe. Samaki mdogo mrudisheni, lakini lowesheni mikono kwanza. Mkono mkavu humbandua ute unaomlinda.

Kabla hamjafunga mashanta, bana kijino cha kila ndoana kwa koleo kikalala bapa. Hapo ndoana hutoka kwa urahisi mdomoni mwa samaki, na sikioni mwa rafiki pia. Simameni mbalimbali, hatua kumi na tano angalau, naye asiwe upande upepo unakokwenda. Ikimnasa hata hivyo, usivute. Kata uzi kwanza, mkalishe chini, ndipo uitoe ndoana.