Lenzi ipi nifunge kwenye helikopta?

SWALI: Nimelipia matembezi ya helikopta ya nusu saa, na milango itatolewa. Nina kamera ya fremu kamili, megapikseli 24, na lenzi tatu: 16–35mm, 24–70mm na 70–200mm. Rubani amesema ni marufuku kubadilisha lenzi angani. Nadhani 70–200mm ndiyo bora kwa kuwa vitu vitakuwa mbali. Niko sahihi?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Funga 24–70mm.

Umbali usikutishe, maana helikopta za matembezi haziruki juu sana. Tuseme mko mita 300 na umeelekeza kamera chini moja kwa moja. Kwenye 24mm unapata ardhi yenye upana wa mita 450 hivi; ukivuta hadi 70mm, kama mita 150. Kwenye 200mm zinabaki mita 54 tu. Hapo unawinda paa la nyumba moja huku chombo kinayumba, na likiingia kwenye fremu tayari limeshapita.

Kuna shida kubwa zaidi, nayo ni mwendo. Kwa kilomita 180 kwa saa, helikopta husogea sentimita 5 katika 1/1000 ya sekunde. Sensa yako, yaani kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ina pikseli (nukta za picha) 6000 hivi kwa upana, kwa hiyo kwenye 200mm kila pikseli hubeba chini ya sentimita 1 ya ardhi. Picha inaburuzika pikseli tano au sita. Kwenye 24mm haifiki hata moja. Nilijifunza hili kwa uchungu: picha zangu za 200mm zilipendeza kwenye kioo cha kamera, lakini nilipozikuza kwenye kompyuta, migongo ya mabati ilikuwa imejirudia mistari miwili miwili. Stabilaiza ilikuwa imewashwa muda wote. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko wa kamera. Ardhi inayokupita haiwezi kuisimamisha.

16–35mm nayo itakuletea mapangaboi, miguu ya helikopta na goti la jirani yako karibu kila picha.

Weka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, na ukivuka 50mm panda hadi 1/2000. Upenyo, yaani tundu la lenzi linaloingiza mwanga, uwe f/4 au f/5.6; ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, iachie kamera. Usibane tundu hadi f/11 ukidhani utapata ukali zaidi: hata kwenye 70mm kwa f/4, ukishafokasi mbali, kila kilicho kuanzia mita 40 na ushei kitatoka na ukali. Unapoteza mwanga bure.

Lile kofia la plastiki la kukinga jua mbele ya lenzi livue kabla ya kupanda. Upepo hulinyofoa, na likirushwa nyuma kwenye rota ya mkia ni hatari kwa wote mliomo. Kamba ya kamera ifungwe mwilini. Kiwiko usikiegemeze kwenye fremu ya mlango, kwa sababu mtetemo wote wa injini utaingia kwenye picha. Shika kamera hewani, viwiko vikibana mbavu.

Milango ikirudishwa dakika ya mwisho, vaa shati jeusi ili usijione kwenye dirisha, sogeza lenzi karibu bila kuligusa, na uvue kichujio cha polaraiza (kile kioo cha mbele ya lenzi cha kupunguza mng'ao) kama unacho. Kikikutana na plastiki ya dirisha huchora mikanda ya rangi za upinde wa mvua, na kuisafisha baadaye ni kazi ngumu mno.