Mama ana kilo 96 na kichwa kinamuuma kila asubuhi: jibu langu

Binti yangu uliyeuliza juzi kuhusu mama yako wa miaka 51, nimesoma maneno yako mara mbili. Umesema hedhi ilikata mwaka jana, uzito umefika kilo 96, kichwa kinamuuma akiamka, na kliniki wamemwambia apunguze unene kwanza ndipo arudi. Halafu umesoma mahali kwamba unene huleta uvimbe wa ubongo, na sasa unamhesabia chapati. Acha nikujibu kama mtu aliyefunguliwa kichwa akatolewa uvimbe.

Mimi ni wa hapa Nakuru, upande wa Shabab, nauza nafaka. Nilipokuwa na miaka 49 nilibandika maharagwe, nikakaa hatua tatu kutoka kwa jiko, nimeligeuzia mgongo, nachambua mchele kwenye ungo. Kijana wangu akaingia mbio kutoka nje: "Mama, kunaungua!" Maji yalikuwa yamekauka na maharagwe ya chini yamegeuka makaa. Niliinama juu ya sufuria, moshi ukaniwasha macho, lakini puani hakukuwa na kitu. Nikachukua kitunguu nikakikata. Hakuna. Nikafungua chupa ya mafuta ya taa. Hakuna. Kijana alinitazama akanyamaza.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeenda kliniki mara nne ndani ya miaka miwili. Kila mara napandishwa kwenye mizani, inasoma 92, na mazungumzo yanaishia hapo. Kichwa kinauma? Ni unene na presha. Nasahau bei ya ndengu niliyoiuza asubuhi? Ni hedhi inakata. Jicho la kushoto linaona ukungu? Ni umri, mama. Kila dalili ilipewa sababu yake ndogo, na mimi nikakubali kwa sababu nilizionea aibu kilo zangu. Ni hilo la pua lililomfanya daktari mwingine, kijana tu, aniandikie skani ya kichwa siku hiyo hiyo.

Uvimbe ulikuwa mbele, juu ya pua, ukubwa wa ndimu. Unaitwa meninjioma. Hauoti ndani ya ubongo wenyewe, huota kwenye utando unaoufunika, halafu unaukandamiza polepole, pengine kwa miaka mingi. Meninjioma nyingi sana si saratani. Wanawake huzipata karibu mara mbili kuliko wanaume, na nyingi zina vipokezi vya homoni ya projesteroni, ndiyo maana madaktari wanazihusisha na homoni zetu.

Nilimuuliza daktari wa upasuaji swali lile unalouliza wewe: ni kilo zangu zilizoleta hiki? Alijibu kwamba kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema. Kwa watu wengi kwa pamoja, ndiyo, uhusiano upo. Mwaka 2016 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, waliiweka meninjioma kati ya magonjwa 13 ambayo kutokuwa na mafuta ya ziada mwilini hupunguza hatari yake. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Neurology uliona hatari imepanda kwa asilimia 21 kwa wenye uzito uliozidi na asilimia 54 kwa wanene kabisa. Kwa glioma, ule uvimbe mbaya unaoota ndani ya ubongo, uhusiano huo haukuonekana.

Sasa usishtuke na hiyo 54. Tuseme kati ya wanawake 100,000, kumi wanaupata kwa mwaka; ukiongeza nusu, wanakuwa kumi na watano. Waliobaki wote hawana. Sababu inayotajwa ni kwamba ovari zikipumzika, mafuta ya mwili ndiyo yanayoendelea kutengeneza estrojeni, homoni ya kike, na unene hupandisha insulini pia. Mwili wa mama yako haujafanya kosa. Umefikia umri wake.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza na ni lazima nilitaje: sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Mimi niliitumia miaka tisa. Mwaka 2024 utafiti wa Ufaransa uliochapishwa kwenye jarida la BMJ uliona kwamba waliotumia sindano hiyo, ya dawa iitwayo medroksiprojesteroni, mwaka mmoja au zaidi walikuwa na hatari mara 5.6 ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma kuliko wasioitumia. Bado ni wachache mno, na sitaki dada yeyote anayesoma hapa aiache kesho bila njia nyingine mkononi. Lakini kama mama yako aliitumia kwa miaka mingi, amwambie daktari. Mimi sikuwahi kuulizwa.

Kupunguza uzito apunguze, kwa ajili ya presha, sukari na magoti. Mimi natembea kutoka Shabab hadi mjini asubuhi badala ya kupanda matatu, na sukari kwenye chai nimeacha. Baada ya upasuaji nilinenepa kilo saba zaidi kwa sababu ya dawa za kutuliza kufura kwa ubongo, zinazokufanya uamke usiku kutafuta ugali baridi. Kilo hizo zilinichukua mwaka mzima kuzitoa. Kwa hiyo msimseme mama mezani mbele ya watu. Inauma.

Lakini kichwa kisingojee kilo. Kichwa kinachoanza upya katika umri huu, kinachouma zaidi asubuhi na kuzidi wiki kwa wiki, kinahitaji daktari sasa. Mwende wawili, maana peke yake ataelekezwa kwenye mizani. Andikeni kwenye karatasi: kilianza lini, kinauma saa ngapi, anatapika au la, anaona vizuri kila jicho likifunikwa kwa zamu, mkono au mguu umelegea, tabia imebadilika. Akizirai na kutetemeka, hiyo si ya kungoja miadi, ni ya hospitali usiku huo huo. Mwulizeni daktari waziwazi: "Ungemwambia nini kama angekuwa na kilo 60?"

Na leo jioni mfunge macho kwa leso, umpe sabuni, kisha kitunguu, kisha majani ya chai, tundu moja la pua kwa wakati. Akinusa vyote, bado mwende. Asiponusa, mlitaje kwanza kabla ya mengine yote.

Pua yangu haijarudi kunusa. Ni mwaka wa tano, na kijana wangu ndiye anayenusa maziwa kabla sijayabandika.