Anko, hii 87.7 ni redio au TV?

SWALI: Shikamoo Anko. Mi niko Chicago, napeleka mizigo na kigari changu cha zamani, kutwa nzima redio ndo mwenzangu. Juzi nikazungusha kushoto mpaka mwisho nikadaka 87.7, wanapiga nyimbo za zamani tamu balaa. Jamaa yangu Mkongo akaniambia hiyo sio redio, ni stesheni ya TV. Nikamcheka. TV si zilishahamia dijitali zote?
Dereva, Chicago

JIBU: Marahaba. Nenda kamwombe radhi Mkongo wako.

Enzi za TV ya chogo kila chaneli ilikuwa na kipande chake cha masafa, na chaneli 6 ya huko Marekani ilikaa megahezi 82 mpaka 88, picha kwa chini, sauti pembezoni kabisa kwenye 87.75. Sasa FM inaanzia hapo hapo jirani, kwa hiyo redio ya gari ukiivuta kushoto kidogo inadaka sauti ya TV bila wasiwasi. Wajanja wakaona mwanya, wanachukua leseni ya TV ndogo, wanaendesha redio, picha inawekwa ya kuzugia tu maana hakuna anayeangalia.

Kuhama kweli walihama, ila wakubwa. Tarehe ilikuwa 17 Februari 2009, vocha za dola 40 za kununulia ving'amuzi zikaishiwa hela watu wako kwenye foleni, Bunge likasogeza hadi 12 Juni. (Hawaii walizima mapema, 15 Januari, kisa ndege! Kuna ndege wanataga mlima Haleakala karibu na minara, ikabidi minara ing'olewe kabla ya msimu wao.) Stesheni za nguvu kidogo sheria ile haikuzigusa, zikaachwa na analojia yao kwa sababu nyingi zina hela ya kuungaunga na mtambo mpya sio wa bei ya sokoni. Baadaye zikapewa mwisho wa 1 Septemba 2015, nao ukasogezwa, ukaja kutua 13 Julai 2021.

Hapo ndo hao wa 87.7 wakakimbilia FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, wakasema jamani picha tutarusha kidijitali kwa mfumo mpya wa ATSC 3.0, tuachieni tu kakipande ka sauti ya analojia. Wakapewa vibali vya miezi sita sita, na 2023 ikaamuliwa waliokuwepo wabaki, mpya hakuna. Mi naona ni ujanja ujanja, msamaha uliwekwa kwa ajili ya wanyonge halafu walioufaidi zaidi ni wenye akili ya biashara, lakini hakuna aliyeumia. Linganisha na Kenya Februari 2015, wenye stesheni wanaomba muda waweke mitambo yao na kuleta ving'amuzi, hola, Citizen, NTV, KTN na QTV zikakaa giza karibu wiki tatu, watu sebuleni wanaangalia chenga.

Kwa hiyo endelea kusikiliza, haizimwi kesho. Ukitaka kuona na picha yake utahitaji TV inayopokea huo mfumo mpya, ila kwa kazi yako ya usukani sikushauri.